Mhandisi Anapoitwa Kueleza Ajali: Kutoka Alama za Breki Hadi Kizimbani, kwa Wanaofanya Kazi Arusha na Moshi

Ajali kubwa ikitokea barabara ya Arusha–Moshi, majibu huwa yameshatolewa kabla magari hayajaondolewa: mwendokasi, uzembe wa dereva, breki kufeli. Mara nyingi majibu hayo yana ukweli ndani yake. Shida ni kwamba yanaishia hapo. Hakimu anayetakiwa kumfunga mtu, au kumlipa mjane fidia, anahitaji kujua mwendo ulikuwa kiasi gani, breki zilifeli kwa sababu gani, na kama dereva makini angepata nafasi ya kuepuka. Maswali hayo ni ya mhandisi wa usafirishaji, na bado ni wachache sana wanaoyapokea.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mhandisi aliyepigiwa simu na wakili wa Moshi au kampuni ya bima ya Arusha na kuulizwa kama anaweza kusaidia kwenye kesi ya ajali. Mawakili na familia za waathirika nao wausome, kwa sababu hatua ya pili hapa chini ni yao kuliko ya mhandisi. Msimamo wangu tangu mwanzo ni huu: kila utakalolisema kizimbani liwe limetokana na kitu kilichopimwa, na mhandisi wa upande wa pili aweze kwenda kukipima mwenyewe.

Hatua ya 1: Kabla hujakubali

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inairuhusu mahakama kupokea maoni ya mtu mwenye ujuzi, uzoefu au mafunzo maalumu pale jambo linalobishaniwa linapohitaji utaalamu. Wakili wa upande wa pili atakuuliza kama wewe ni mtu huyo. Hakikisha usajili wako kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi uko hai, andaa wasifu usiotiwa chumvi, na ijue mipaka yako. Aliyebobea kwenye barabara anaweza kueleza utelezi, mteremko, kona na alama. Hilo halimpi uwezo wa kueleza kwa nini bomba la upepo la breki za semi-trela lilipasuka. Hiyo ni kazi ya mhandisi wa mitambo. Mpendekeze, mfanye kazi wawili.

Miji yetu ni midogo, kwa hiyo mgongano wa maslahi utakukuta tu. Ukiwa ulisimamia ujenzi wa kipande cha Sakina–Tengeru, zile kilomita 14.1 za njia nne, au barabara ya mchepuo ya Arusha yenye kilomita 42.4, usichukue kesi inayohusu barabara hiyo. Mwenye basi akiwa shemeji yako, sema siku hiyo hiyo. Likigundulika kizimbani, ripoti yako yote itakwenda na maji, hata kama hesabu zake zilikuwa sahihi.

Malipo yaandikwe mapema, kwa saa au kwa kazi nzima. Ukiambiwa "tukishinda tutakuona", kataa papo hapo. Mtaalamu ambaye ujira wake unategemea hukumu ameshachagua upande, na hakimu atamwona hivyo.

Uliza pia ajali ilitokea lini. Madai ya fidia kwa madhara yasiyotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 3, na anayetaka kuidai serikali au wakala wake anatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Wakili anayajua hayo. Lakini nimeona familia zikizunguka ofisi hadi ofisi huku muda ukiyoyoma, na swali lako moja linaweza kuwaokoa.

Hatua ya 2: Barua kabla ya vipimo

Ushahidi wa ajali unaharibika haraka. Mvua moja ya masika inafuta alama za tairi, vioo vinafagiliwa, na gari linavutwa hadi kituoni, likae juani na mvuani huku betri, taa na redio vikipungua kimoja kimoja. Baada ya miezi kadhaa bima inauza mabaki, na hapo kesi imebaki na picha za simu.

Kwa hiyo kabla hujatoa tepu kwenye begi, mwombe wakili aandike barua. Ya kwanza iende polisi, kuomba gari lisiguswe na fundi yeyote na kuomba nakala za mchoro wa ajali, taarifa ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari, ambazo wenye bima na mawakili wanazijua kama PF 90 na PF 93. Ya pili iende kwa bima ya kila gari lililohusika: mabaki yasiuzwe mpaka yakaguliwe na pande zote. Kama kulikuwa na basi, ya tatu iende kwa mmiliki na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kuomba kumbukumbu za mfumo wa kufuatilia mabasi. Ya nne iende kwa kila mwenye kamera karibu na eneo. Kamera za vituo vya mafuta na maduka hujifuta na kurekodi upya baada ya muda mfupi, kwa hiyo hii ya nne bora uipeleke kwa mkono siku hiyo hiyo, kwa unyenyekevu, na uombe kuangalia saa ya kamera ikilinganishwa na saa ya simu yako. Tofauti ya dakika chache kati ya hizo saa mbili imeshawachanganya watu wengi.

Nisisitize hilo la saa. Kumbukumbu za GPS mara nyingi hutunzwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Shahidi anasema saa mbili usiku, polisi ameandika 20:00, kifaa kinaonyesha 17:00, na zote tatu ni dakika moja. Weka jedwali la muda mwanzoni mwa jalada lako na uhamishe kila tukio kwenye mfumo mmoja.

Video na kumbukumbu za kielektroniki zipokee pamoja na maelezo ya nani alizitoa, kwenye kifaa gani, lini, na zimetunzwaje tangu hapo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama kuangalia jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa. Kipande cha video kilichorushwa kwenye kundi la WhatsApp kinaweza kukuonyesha pa kuanzia kutafuta, lakini usikifanye msingi wa hesabu zako kama hujampata aliyekirekodi.

Hatua ya 3: Nenda eneo la tukio, saa ileile

Nenda na mwenzako, na vazi linaloakisi mwanga. Mjulishe askari wa usalama barabarani wa eneo hilo. Usipime barabara kuu peke yako hata siku moja.

Saa ya kwenda ni ile ambayo ajali ilitokea. Barabara ya Arusha–Moshi inaelekea mashariki na magharibi kwa sehemu kubwa. Anayekwenda Moshi mwendo wa saa moja asubuhi jua liko usoni, na anayerudi Arusha mwendo wa saa kumi na mbili jioni linampiga vilevile. Ukipima saa sita mchana hutaliona tatizo hilo, na huenda ndilo lililomfanya dereva asimwone mtoto anayevuka pale Maji ya Chai. Ajali ikiwa ya usiku, rudi usiku. Ikiwa ni ya ukungu wa Karatu, subiri asubuhi yenye ukungu.

Anza na picha za mbali ukimwendea dereva njia yake, kila baada ya mita 50, kamera ikiwa usawa wa macho ya aliyeketi kwenye usukani. Kisha geuka, upige ukitokea upande wa pili. Baada ya hapo ndipo ukaribie vitu vidogo. Chagua alama ya kudumu ya kuanzia vipimo vyote: nguzo ya kilomita, kona ya kalavati, nguzo ya umeme yenye namba. Kila kipimo kitoke hapo, ili mtu akirudi baada ya mwaka mmoja aweze kuweka tepu yake palepale. Droni inasaidia sana kupata mchoro wa juu, ila inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na sisi tuna KIA na uwanja wa Kisongo jirani.

Alama za breki zinahitaji subira. Ukisimama wima utaona sehemu nyeusi tu, ambayo ni ya mwisho. Chuchumaa, weka jicho karibu na lami, tazama kwa kuufuata mstari: kabla ya weusi utaona kivuli hafifu, pale tairi lilipoanza kubana bila kuburuzika kabisa. Alama inaanzia hapo. Mwombe mwenzako aweke chaki pale unapomwelekeza, kwa sababu ukisimama ukakifuata kivuli hicho mwenyewe utakipoteza. Pima kila gurudumu peke yake, andika ni lipi, na kama alama imekatika andika imekatika kwa urefu gani. Kumbuka kwamba magari yenye breki za kuzuia mburuzo huacha alama hafifu mno au yasiache kabisa, kwa hiyo kutokuwepo kwa alama si ushahidi kwamba dereva hakukanyaga breki.

Tafuta pia mikwaruzo ya chuma kwenye lami, mafuta au maji ya rejeta yaliyomwagika, udongo uliodondoka kutoka chini ya gari. Udongo ule unadondoka karibu na mahali magari yalipogongana, na huo ndio unaoonyesha nani alikuwa upande wa nani. Mashahidi wawili wanaweza kubishana mwezi mzima kuhusu hilo.

Hatua ya 4: Liguse gari kwa mikono yako

Kuna kesi moja ya Marekani ambayo kila mhandisi wa kazi hii anapaswa kuijua, Kumho Tire, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1999. Tairi la nyuma la gari la familia lilipasuka, abiria mmoja akafa. Mtaalamu wa walalamikaji alisema tairi lilikuwa na kasoro ya kiwandani. Ilibainika kwamba maoni yake ya kwanza aliyatoa kwa kutazama picha, na tairi lenyewe aliliona kwa mara ya kwanza asubuhi ya siku aliyohojiwa. Tairi hilo lilikuwa limekwisha kashata, yaani ile michongo ya juu yake, na limeshazibwa pancha vibaya. Ushahidi wake ulikataliwa, na mahakama ikaweka wazi kwamba jaji anayo mamlaka ya kupima uhakika wa njia za mhandisi kama anavyopima za mwanasayansi. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, ila maswali aliyoulizwa yule mtaalamu utaulizwa na wewe Moshi.

Kwa hiyo nenda kwenye gari. Pima kashata za kila tairi, soma tarehe ya kutengenezwa ubavuni, angalia kama limekatika kwa kugongwa au limechanika kwa joto na kubebeshwa mzigo.

Kwa malori na mabasi, kaa na breki muda mrefu. Februari 24, 2024, pale Ngaramtoni, watu 25 walipoteza maisha lori lilipoyagonga magari mengine, na taarifa zilizotolewa zilisema lilifeli breki. Kwa mhandisi, "kufeli breki" ni mwanzo wa maswali. Je, upepo ulivuja, au ngoma zilipata joto kwenye mteremko mpaka zikaacha kushika? Fungua gurudumu moja moja. Ngoma iliyoungua ina rangi ya bluu na nyufa nyembamba kama nywele. Brekilaining zilizoiva hung'aa kama kioo. Pima unene wa brekilaining, na kama mfumo bado unashika upepo, pima fimbo ya kusukuma breki inatoka kwa urefu gani kila gurudumu. Inayotoka kupita kiasi ni breki isiyorekebishwa, na hilo linatupeleka gereji na ofisini kwa mmiliki. Angalia gia ilikuwa namba ngapi. Dereva aliyeshuka mteremko mrefu kwa gia nyepesi, ya namba kubwa, alikuwa anategemea breki peke yake.

Ajali za bodaboda usiku mara nyingi huishia kwenye swali moja: taa ilikuwa inawaka? Kama taa ni ya balbu ya kawaida, itoe taratibu na uitazame kwa lenzi. Waya mwembamba wa ndani ukiwa wa moto wakati wa kugongwa hulegea na kujivuta, unaona umepinda na kutawanyika. Ukiwa wa baridi hukatika kavu, umbo lake likiwa lilelile. Kioo kikivunjika huku taa inawaka, waya hubadilika rangi na kuacha unga unga mweupe. Nawaomba sana mawakili wa madereva wa bodaboda mdai balbu hizo zitunzwe. Kijana aliyekufa hawezi kusema kwamba aliwasha taa, na balbu yenye thamani ya soda inaweza kumsemea. Taa za LED hazina waya, hazitakupa jibu hili.

Kila unachokiondoa kiandikiwe: nani kakitoa, nani kakipokea, kimefungiwa wapi, lakiri gani. Kwenye shauri la jinai usitoe kitu chochote wewe mwenyewe. Omba polisi akitoe mbele yako.

Hatua ya 5: Watu

Mama anayeuza ndizi kando ya barabara Kikatiti ameona ajali nyingi kuliko wewe. Msalimie kwanza, "Shikamoo mama, pole na biashara," ujitambulishe na useme unamfanyia kazi nani. Kisha uliza maswali yasiyobeba jibu. Usimuulize, "Noah ilikuwa inakimbia sana?" Atasema ndiyo, kwa sababu mtu amekufa. Muulize, "Mama, kitu cha kwanza kilichokufanya ugeuke ni nini?" Akisema ni mlio wa matairi, umeshapata kwamba breki zilikanyagwa kabla ya kishindo. Akisema ni kishindo, umepata jambo lingine. Mwombe akuonyeshe alipokuwa amekaa, na ukae hapo uone anachoweza kuona.

Kwa familia zenye msiba, sema pole, sikiliza, usiahidi chochote kuhusu kesi.

Hatua ya 6: Hesabu, na upana wake

Hesabu ya kwanza ni ya mwendo kutokana na alama za mburuzo. Zidisha 254 kwa kiwango cha msuguano kati ya tairi na lami, zidisha kwa urefu wa alama kwa mita, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni kilomita kwa saa. Tuchukue mfano wa kutunga: gari dogo limeacha alama za mita 30 kwenye lami kavu, magurudumu yote manne. Msuguano ukiwa 0.7, mwendo wa kuanzia ni 73.

Hiyo 0.7 umeitoa wapi? Ukijibu "kitabuni", umefungua mlango wa maswali nusu saa. Nenda upime kwenye lami ileile, kwa gari linalofanana na kifaa cha kupima upungufu wa mwendo, polisi wakiwa wamesimamisha magari, kwa marudio kadhaa. Ukipata kati ya 0.65 na 0.75, mwendo ni kati ya 70 na 76, na ndivyo utakavyoandika. Ukipima kwenye mteremko uleule na uelekeo uleule, athari ya mteremko imeshaingia kwenye kipimo chako, usiihesabu tena. Ila ukitumia kipimo cha mahali tambarare kwa ajali iliyotokea kwenye mteremko wa kwenda daraja la Kikavu, lazima upunguze: mteremko wa asilimia 6 unaishusha 0.7 kuwa 0.64, na mwendo unakuwa 70 badala ya 73.

Halafu kumbuka kwamba hesabu hiyo inachukulia gari lilisimama lenyewe mwisho wa alama. Kama mwishoni mwa zile mita 30 lilimgonga mtu likiwa na mwendo wa 40, mwendo wa mwanzo ulikuwa karibu 83. Namba mbili hizo zinakuzwa kwa kipeo cha pili, zinajumlishwa, ndipo unatafuta kipeuo. Kuzijumlisha moja kwa moja, 73 na 40, ni kosa ambalo linaweza kumpeleka mtu jela.

Mwendo peke yake haujibu swali la hakimu. Anachotaka kujua ni kama mwendo ule ndio ulioua. Dereva wa 83 kwa saa, akichukua sekunde 1.5 kuona na kukanyaga breki, anasafiri mita 35 kabla alama hazijaanza. Maana yake aliona hatari akiwa mita 65 hivi kutoka kwa mtembea kwa miguu. Angekuwa kwenye 50, ambayo ndiyo kikomo maeneo ya makazi, angehitaji mita 35 tu kusimama kabisa. Angesimama mita 30 kabla ya kumfikia yule mtu. Hapo una ushahidi wenye uzito, na unaweza kumchorea hakimu kwenye karatasi moja.

Ila pima na upande wa pili kwa nguvu ileile. Usiku, mtu aliyevaa nguo nyeusi anaweza asionekane mpaka gari limkaribie sana, na dereva wa 50 naye asingekuwa na zile mita 35. Fanya jaribio la kuonekana palepale, usiku, kwa taa za gari linalofanana. Matokeo yakimpendelea usiyemfanyia kazi, yaandike hivyo hivyo. Mahakama ya London mwaka 1993, kwenye kesi ya meli Ikarian Reefer, iliorodhesha wajibu wa shahidi mtaalamu, na mojawapo ni kutoacha jambo linalopingana na maoni yake. Sisi wahandisi wa Tanzania hatuna sababu ya kuwa na kiwango cha chini ya hapo.

Hatua ya 7: Barabara nayo ihojiwe

Hapa ndipo naona kasoro kubwa ya kesi zetu. Dereva anahojiwa, gari linakaguliwa, na barabara haiulizwi lolote. Mei 6, 2017, pale Rhotia wilayani Karatu, basi la shule liliporomoka korongoni na kuua watu 35, kati yao wanafunzi 32. Nchi nzima ililia. Kwa kila ajali ya namna hiyo, mhandisi lazima aulize mteremko ni asilimia ngapi, kona ina mzingo gani, lami imelazwa kuelekea wapi, kingo za chuma zipo hadi wapi, alama ya onyo iko mita ngapi kabla, na kama viti vilikuwa na mikanda.

Tembea kwa miguu mita 500 kila upande. Bega la barabara limeshuka kiasi gani chini ya lami? Gari likiponyoka kwenye ukingo uliozama, dereva akirudisha usukani kwa nguvu huvuka hadi upande wa pili. Tuta limepakwa rangi? Rasta, vile vituta vidogo vya kumwonya dereva, zipo kabla yake? Kibao cha 50 kimefunikwa na miti au na bango la biashara? Maji ya mvua yanakatiza barabara wapi?

Linganisha na viwango vya wakati barabara ilipojengwa. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa mwaka 2011 hauwezi kutumiwa kuhukumu kona iliyochorwa miongo mingi kabla. Unachoweza kuuliza ni kama mwenye barabara alijua hatari na alifanya nini baadaye: alama, matengenezo, taa. Na mjue mwenyewe ni nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS; za wilaya na mitaa ni za TARURA tangu 2017.

Hatua ya 8: Ripoti

Iandike kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na ripoti ambayo mshtakiwa, mjane na hakimu wote wanaielewa ina nguvu kuliko yenye istilahi za kigeni. Anza na ulichoulizwa, ulichopewa kusoma na ulichopima mwenyewe. Tenganisha mambo matatu: ulichokiona, ulichoambiwa, na unachohitimisha. Onyesha hesabu zote, hata zile rahisi. Taja ambayo hukuweza kupima na sababu yake.

Usiandike "dereva alikuwa mzembe". Uzembe ni hukumu, na hakimu ndiye mwenye kuitoa. Wewe andika kwamba gari lilikuwa kwenye mwendo wa kati ya hivi na hivi mahali penye kikomo cha 50. Vivyo hivyo kwa lori lenye uzito unaozidi kilo 3,500, ambalo kisheria halitakiwi kuvuka 80 hata porini.

Hatua ya 9: Kizimbani

Jibu ukimwelekea hakimu, hata kama swali limetoka kwa wakili. Ripoti yako usianze kuisoma wala kunukuu yaliyomo mpaka ipokelewe rasmi kama kielelezo. Ikishapokelewa, isomwe kwa sauti. Kuna vielelezo vizuri vimefutwa kwenye rufaa kwa kukiuka utaratibu huo.

Maswali ya dodoso, yale ya wakili wa upande wa pili, yatakuja hivi:

"Mhandisi, ulikuwepo ajali ilipotokea?"

"Sikuwepo, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo mwendo huu umeukisia."

"Nimeukokotoa, Mheshimiwa, kwa alama za mita 30 zilizopimwa na polisi, nami nikazipima. Urefu ukibadilika, mwendo unabadilika, na jedwali la ukurasa wa tisa linaonyesha unabadilikaje."

"Msuguano ukiwa 0.5?"

"Mwendo unakuwa 62. Ila nilipopima pale lami ikiwa kavu sikupata chini ya 0.65."

Toa jibu fupi, kubali kinachokubalika, kisha nyamaza. Wakili akikutoa nje ya fani yako, sema hilo si eneo lako. Na ukigundua ukiwa hapo hapo kwamba kuna jambo jipya linalobadilisha maoni yako, liseme. Maoni yako hayaifungi mahakama hata hivyo. Hakimu anaweza kuyakataa akitoa sababu, na kazi yako ilikuwa kumpa vipimo vya kuamulia.

Hatua ya 10: Jalada halifungwi siku ya hukumu

Tunza kila kitu mpaka muda wa rufaa uishe, na zaidi: daftari la eneo lenye matope yake, picha asilia, kadi ya kumbukumbu isiyofutwa.

Na kama ulipokuwa unapima uliona kitu kinachoweza kuua mtu mwingine wiki ijayo, kingo iliyong'olewa, tuta lisilo na rangi, kibao kilichoanguka, usisubiri kesi iishe miaka miwili baadaye. Mweleze wakili aliyekuajiri, kisha mwandikie meneja wa TANROADS wa mkoa au TARURA wa wilaya. Barua isizungumzie kesi wala kumlaumu mtu. Iwe na namba ya kilomita, uelekeo, picha mbili, vipimo, na tarehe uliyoona. Ipeleke mwenyewe masijala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na baada ya mwezi urudi ukaangalie kama kibao kimesimamishwa.